Gari la Kilimia

Wakulima wa nchi zetu wamekuwa na saa yao tangu kale, nayo imetundikwa mbinguni. Ni lile fungu dogo la nyota zilizokaribiana kama vifaranga chini ya mama yao, ambalo kwa Kiswahili huitwa Kilimia, kwa kuwa lilimwambia mtu wakati wa kulima umefika. Kilimia kikizama kwa jua, wazee walingojea kizuke kwa mvua. Wajapani nao wana jina lao kwa nyota hizo hizo: huziita Subaru. Kampuni iliyoundwa Japani mwaka 1953 kwa jina la Fuji Heavy Industries ililichukua jina hilo kwa motokaa zake, na tangu mwaka 2017 kampuni yenyewe huitwa Subaru Corporation. Ukiitazama beji iliyo mbele ya motokaa hizo utaziona nyota 6 katika uwanja wa buluu, moja kubwa na tano ndogo. Basi, msomaji wangu, gari nitakalokueleza habari zake ni gari la Kilimia, nalo huku kwetu hujulikana zaidi wakati wa mvua kuliko wakati wa jua.

Huenda ukauliza mwalimu wa shule, aliyesomea chaki na maandalio ya masomo katika chuo cha walimu cha Kigari, ana shughuli gani na injini. Jibu langu ni fupi. Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi hana budi kufika hospitali mjini Embu ili damu yake ipitishwe katika mashine na kusafishwa, kazi ambayo huchukua saa nne hivi. Kikao kimoja kikikosekana, maji hukusanyika mwilini, miguu huvimba na pumzi huwa fupi. Nyumba yake iko juu ya Manyatta, upande wa msitu wa Mlima Kenya, mahali ambapo chai hustawi kwa sababu mvua haina choyo. Toka mlangoni pake hadi lami ni mwendo wa kilometa 4 za udongo mwekundu, na katikati pana bonde lenye kijito. Mwezi wa Aprili udongo huo huwa kama sabuni iliyoloweshwa. Pikipiki huanguka, na gari livutwalo kwa magurudumu mawili hupanda nusu ya kilima, likarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Nilichukua mkopo katika chama cha ushirika cha walimu, nikanunua Forester la mwaka 2005 kutoka kwa mtu aliyelitumia kabla yangu. Tangu siku hiyo nimelazimika kujua ni kitu gani hasa nilichokinunua.

Forester la kwanza lilitolewa mwaka 1997. La pili katika ukoo huo lilianza mwaka 2002, likatengenezwa hadi la tatu liliposhika nafasi yake mwaka 2007. Langu ni la ukoo wa pili. Urefu wake haufiki mita 4 na nusu, upana wake ni mita 1 na sentimita 73 hivi, na uzito wake hukaribia kilo 1,400. Si gari kubwa, kwa hiyo hugeuka katika ua mdogo wa mama yangu bila ya kuikanyaga migomba yake. Tumbo lake limeinuka milimita 200 hivi juu ya ardhi. Tangi huchukua lita 60 za petroli. Injini yake ni ya lita 2, au kwa usahihi sentimita za ujazo 1,994, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi wapatao 140. Nasema ilipotoka kiwandani, kwa sababu injini isiyo na turbo hupumua hewa kama wewe na mimi, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Hesabu ya mafundi ni kuwa injini ya namna hiyo hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Manyatta iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwa hiyo farasi 20 na zaidi wamebaki Mombasa bandarini, na mimi nafanya kazi na waliosalia.

Silinda za injini hiyo hazikusimama kama za magari mengi. Zimelala chali, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, na pistoni zake hutoka na kurudi kwa pamoja mithili ya ngumi za mabondia wawili wanaokabiliana. Faida yake ni kuwa uzito wote umekaa chini, na gari halipepesuki upesi likipita penye mwinamo. Hasara yake huijua fundi: plagi zimejificha ubavuni ambako mkono hauingii bila kuchubuka, na oili, kwa kuwa hukaa juu ya mipira ya vifuniko vya valvu badala ya kushuka, hupenya taratibu na kudondokea bomba la moshi. Ukisikia harufu ya oili inayoungua wakati gari limesimama, tazama hapo kwanza.

Lakini sifa iliyolipandisha gari hili mlimani si injini; ni magurudumu yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilianza kuuza gari la nyumbani, kwa jina Leone, ambalo magurudumu yake yote manne yaliweza kupata nguvu ya injini. Asili ya jambo hilo ni mafundi wa kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini ya Japani, ambako theluji ni nyingi. Walikuwa wakienda kutengeneza nyaya za umeme milimani kwa magari ya jeep, yaliyo magumu na yenye baridi, wakaomba gari la kawaida liwezalo kupita penye theluji. Theluji na tope la Embu ni ndugu kwa upande wa utelezi. Nchini Kenya jina la Subaru lilienea kwa njia ya mbio za Safari Rally. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa kigari kidogo cha Vivio ambacho watu walikicheka mwanzoni mwa mbio; mwaka uliofuata alikuwa wa 4 kwa Impreza; na mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda mbio zenyewe kwa gari la kampuni hiyo. Tangu hapo kila kijana mwenye gari hilo hujiona McRae. Wengine hulikata bomba la moshi ili lingurume usiku kucha, jambo ambalo halimwongezei mtu mwendo wala akili.

Sasa nakuomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Gari linapokata kona, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Ili yasigombane, huwekwa difu kati yao, chombo cha meno ya chuma kiruhusucho moja lizunguke upesi kuliko jingine. Vilevile magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika gari livutwalo na magurudumu mawili neno hili halidhuru, kwa sababu yale mengine mawili hufuata tu kama mkia. Lakini yote manne yakifungwa pamoja kwa chuma, ya mbele na ya nyuma hugombana katika kila kona, na lazima kuwe na mpatanishi kati yao. Katika Forester lenye gia za mkono mpatanishi huyo ni difu ya katikati, ambayo hugawa nguvu nusu kwa nusu, pamoja na chombo chenye mafuta mazito ya silikoni ambayo hukaza pande zote mbili tofauti inapozidi. Katika lenye gia za otomatiki, kama langu, magurudumu ya mbele huvutwa moja kwa moja, na ya nyuma hupata nguvu kupitia fungu la diski za klachi lililo mkiani mwa gia boksi. Diski hizo hubanwa kwa msukumo wa oili. Gari likiteleza hubanwa zaidi. Likienda sawasawa huachiwa kidogo, zikateleza moja juu ya nyingine.

Diski hizo ziliumbwa ziteleze kidogo na kwa muda mfupi. Hazikuumbwa ziteleze mchana kutwa. Na kitu gani kingeweza kuzitelezesha mchana kutwa? Tairi.

Chukua kalamu tufanye hesabu ya darasa la duara. Ubavuni mwa tairi la gari langu imeandikwa 215/60R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu wake, ambao ni sehemu 60 katika mia za upana huo, yaani milimita 129. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 16 ni milimita 406 na kitu. Jumlisha rimu na mbavu mbili: utapata kipenyo cha milimita 664. Zidisha kwa pai, na mzingo wa tairi jipya utakuwa milimita 2,087. Tairi hilo litazunguka mara 479 katika kilometa moja. Sasa twaa tairi kuukuu la namba hiyo hiyo ambalo meno yake yamepungua kutoka milimita 8 hadi 3. Kipenyo chake kimepungua milimita 10, na mzingo wake ni milimita 2,056 tu. Hilo litazunguka mara 486. Tofauti ni mizunguko 7 kwa kila kilometa, na katika safari ya kilometa 100 ni zaidi ya mizunguko 700, hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Weka tairi mpya mbele na kuukuu nyuma, na mizunguko hiyo yote itaangukia zile diski. Zitateleza, zitapata moto, na oili itaungua. Kampuni hushauri kuwa tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi. Ukiipiga hesabu tena utaona kuwa robo inchi ya mzingo ni milimita 1 tu ya kina cha meno.

Milimita 1! Katika gari jingine hakuna ambaye angeiona.

Jirani yangu mmoja, mkulima wa chai, alikuwa na gari la namna hii hii. Tairi zake mbili za mbele zilipoisha, muuzaji mmoja wa tairi, ambaye simtaji, alimwambia hakuna haja ya kununua nne, kwa kuwa za nyuma zilikuwa na meno ya kutosha. Shauri hilo lilikuwa la mtu aliyezoea magari mengine, na lilionekana kuwa shauri la uwekevu. Baada ya miezi kadhaa gari lilianza kutetemeka na kugoma kila alipokata kona kali ya kuingia kwake, kana kwamba mtu ameshika breki kwa siri. Alibadilisha pedi za breki, haikusaidia. Alibadilisha bushi; haikusaidia. Gia boksi ilipofunguliwa, diski zilikuwa nyeusi kama sufuria ya msiba, na oili ilinuka moto. Matengenezo yalimla bonasi yake ya majani chai ya mwaka mzima, fedha ambazo alikuwa amezitenga kwa karo ya binti yake. Binti huyo alikuwa darasani kwangu. Alikaa nyumbani majuma matatu.

Kwa sababu hiyo tairi zangu nazinunua nne kwa mara moja, za kampuni moja na namba moja, na kila nikimaliza kilometa 8,000 hivi nazihamisha, za mbele kwenda nyuma na za nyuma kuja mbele, ili zichakae pamoja. Upepo naupima kila Jumapili jioni, kwa kuwa tairi lililopungua upepo nalo hupungua kimo. Ikiwa moja litachanwa na jiwe hata lisizibike, nami sina fedha za manne, hutafuta lililotumika lenye kina sawa na wenzake. Na ikiwa njiani sina budi kufunga tairi la akiba, ambalo katika magari haya mengi ni dogo na jembamba, basi Wajapani walinifikiria. Chini ya boneti pana kikasha kidogo palipoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo, zile diski huachiwa kabisa, na gari huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake mpaka utakapofika kwa fundi. Fyuzi yenyewe ni ya bei ya andazi. Kwa sababu kama hiyo gari la namna hii likiharibika halifai kuburutwa huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yako chini. Ama libebwe zima juu ya lori, ama magurudumu yote manne yawe ardhini.

Habari za oili nitazipitia upesi, ila mtego mmoja. Injini huchukua lita 4 hivi, nami huibadilisha pamoja na chujio lake kila kilometa 5,000. Difu ya nyuma ina oili yake, isiyofika lita 1. Mtego uko mbele. Katika Forester la otomatiki difu ya mbele imeshikamana na gia boksi, lakini oili zao ni mbalimbali na hazichanganyiki. Chini ya gari pana kizibo cha oili ya injini, kizibo cha oili ya gia, na kizibo cha oili ya difu, vyote katika ujirani mmoja. Na juu kuna kijiti cha kupimia kwa kila moja. Hutokea fundi mwenye haraka akafungua kizibo cha difu huku akidhani ni cha injini, kisha akaenda juu na kumimina lita 4 katika injini ambayo bado imejaa. Gari huondoka likiwa na difu kavu na injini iliyovimbiwa. Siku ya kubadilisha oili mimi husimama hapo hapo na tochi. Fundi wangu wa Manyatta alinizoea zamani.

"Mwalimu," huniambia kutoka uvunguni, "njoo usahihishe kizibo."

Nami huinama nikatia alama ya vema kwa chaki pembeni mwa kizibo kilicho haki.

Kitu ambacho hakitoi onyo ni ukanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa nyuma ya vifuniko vya plastiki mbele ya injini, nao ndio unaoziambia valvu wakati wa kufunguka na kufungika. Ukikatika, valvu hubaki wazi katika njia ya pistoni, zikagongana, na injini huwa chuma chakavu kwa muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii. Haupigi kelele kabla, wala hauvuji. Hubadilishwa kila kilometa 100,000. Hapa kuna neno ambalo mnunuzi wa gari kuukuu yampasa alitie moyoni: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, kwa hiyo gari la mwaka 2005 lilishuka meli kabla ya mwaka 2014, likapita mikono kadhaa, na ile saa ya kilometa si malaika. Yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo. Ndiyo maana ukanda wa gari langu ulibadilishwa katika juma la kwanza, kabla ya mama kupanda hata mara moja, pamoja na roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kuifikia pampu ni ile ile. Fedha zake zilipita mshahara wangu wa nusu mwezi. Tarehe na kilometa zimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, ili hata atakayelinunua kwangu asidanganyike.

Maji ya radieta hayataki maji ya mto. Kimo cha mlima hushusha digrii ambayo maji huchemkia, karibu digrii 1 kwa kila mita 300, na kinga ya injini ni mambo mawili: dawa ya radieta iliyochanganywa kwa kipimo, na kifuniko chenye springi nzima cha kuyabana maji yasichemke mapema. Injini ya lita 2.5 ya ukoo huu, iliyouzwa sana Marekani, ilijulikana kwa kuvuja gasketi za silinda. Hii ya lita 2 ina afya zaidi kwa upande huo, lakini hakuna gasketi itakayovumilia injini iliyochemshwa mara mbili tatu. Sindano ya joto ikipanda kupita kati, simama. Usiseme nitafika tu.

Nataka kusema pia habari ya breki, maana nina wanafunzi ambao watakuwa madereva kabla sijastaafu. Kuvutwa na magurudumu manne humsaidia mtu kwenda. Hakumsaidii hata kidogo kusimama. Kila gari, hata lile dhaifu la magurudumu mawili, lina breki katika magurudumu yote manne, na penye tope yote husimama vibaya sawasawa. Tena gari hili ni la hatari zaidi katika jambo hili, kwa kuwa hupanda bila ya kuteleza, na dereva husahau kuwa chini pana utelezi, hata anapofika kileleni na kuanza kushuka upande wa pili. Bonde lililo kati ya nyumba ya mama na lami nalishuka kwa gia ya chini kabisa, mguu mbali na breki, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Asubuhi moja ya Mei tuliwapita vijana watatu wenye gari jipya kuliko letu, limelala ubavuni mwa kijito, wao wamesimama juu yake wakiwa wazima. Mama alifungua dirisha akawapa pole, akawaambia dereva wake hushuka kama kinyonga, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akimlaumu kwa hilo.

Baada ya msimu wa mvua gari huoshwa uvunguni kuliko juu. Udongo wetu ukikauka ndani ya rimu huwa kama saruji, na usukani hutetemeka kana kwamba gari lina homa. Udongo huo huficha pia mipira iliyoziba jointi za shafti. Mpira ulio karibu na bomba la moshi hupasuka kwanza kwa sababu ya joto. Grisi ikitoka, mchanga huingia, na jointi huanza kulia tak-tak-tak katika kona. Beringi za magurudumu ya nyuma nazo zina desturi ya kuchoka, na sauti yake ni mvumo kama wa nyuki, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Sauti hii mama ndiye aliyeisikia kwanza, maana ndiye akaaye nyuma. Alisema, "Mwanangu, kuna mzinga huku." Nilipolipeleka kwa fundi alikuta beringi ya kulia imekwisha.

Yeye hulisikiliza gari kuliko mimi. Kuna kisanduku kilichokuja nacho kutoka Japani, na kila gari likiwashwa sauti ya mwanamke hutoka humo na kumtaka dereva, kwa Kijapani, atie kadi ya kulipia barabara za huko. Mama alipoelezwa maana yake alikataa kisanduku kisitolewe. Humwitikia huyo mwanamke kila alfajiri kwa Kiembu, humwambia kuwa kadi hatuna, ila tutafika. Redio yenyewe haina faida kubwa, kwa kuwa redio za Kijapani huishia masafa ya 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Basi husafiri tukizungumza, na huko nyuma kwenye kioo naona anavyopumua.

Chuoni tulifundishwa kuwa mwalimu asiye na rejista hana darasa. Gari langu lina rejista. Ni daftari la kurasa 96, lenye mistari niliyoichora kwa rula: tarehe, kilometa, petroli iliyotiwa, oili, tairi, na jambo lililosikika. Kwa daftari hilo najua kuwa lita moja hunipeleka kilometa 9 au kidogo zaidi, na kwamba siku ikishuka hadi 8 kuna kitu kinachokula, plagi au chujio la hewa lililojaa vumbi la Februari. Mama hulitia daftari hilo katika mfuko ule ule wa kadi zake za hospitali. Alisema vyeti vya wagonjwa wawili vikae pamoja, kwa kuwa wote wana siku zao za kliniki, na wote hubadilishiwa machujio.

Oili iliyotoka, nyeusi na nyembamba, haimwagwi shimoni. Mvua ya huku haichelewi kuichukua hadi kijitoni, na watu wa bondeni hunywa maji hayo kabla hayajafika Tana. Huikusanya katika jerikeni, na jirani yangu wa chai huja kuichukua ili azipake nguzo za ua wake zisiliwe na mchwa. Juma lililopita alikuja na jerikeni ya pili, akaniuliza kwa adabu kama gari langu haliwezi kubadilishwa oili mara nyingi zaidi, kwa kuwa amekodi shamba jingine na ua wake ni mrefu.